Nani Anakula Hodhi la Maziwa?

Asubuhi Jocelyne alikamua ng'ombe wake wawili, akachuja maziwa kwa kitambaa safi, akayabeba mpaka kwenye hodhi la kikundi. Ndivyo alivyofanya kila siku. Kikundi chao kilikuwa cha wafugaji kumi na wanne, wote wakimbizi kutoka Kivu ya Kusini, wanaoishi upande wa Juru katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda.

Hodhi lilikuwa la saruji, refu kuliko kitanda. Wenyewe waliliita baseni. Walilijaza maji baridi ya kisima, kisha wakasimamisha keni za maziwa, yale madebe yenye vifuniko, ndani ya maji hayo. Maziwa yalikaa humo bila kuharibika mpaka saa nne, gari lilipofika kutoka Mbarara kuyachukua.

Aliyelijenga ni Nicodème, mume wa Jocelyne. Alikuwa fundi mwashi. Siku ya kulifungua, mchungaji aliliombea kwa muda mrefu sana, mpaka maji ya baridi yakapata joto. Watu walicheka, lakini kila mtu alilisifu hodhi na mkono uliolijenga.

Mwaka haukuwa umepita. Asubuhi hiyo Jocelyne alikuta maji yamebaki nusu. Ardhi pembeni ilikuwa matope. Aligusa keni, akaona ina joto.

Mbabazi, dereva wa gari la maziwa, alifika saa nne. Alichota maziwa kidogo kutoka kila keni, akayachanganya na spiriti katika kikombe kidogo. Maziwa mazima hubaki laini. Haya yaliganda mabonge mabonge.

"Hapana," alisema Mbabazi. "Hii imekufa. Ni ya pili, wiki hii. Mimi nasema na nyinyi ukweli. Bosi yangu iko nasema, kama ni hivi hivi, gari hapana kuja hapa tena."

"Tupatie siku kidogo," Jocelyne alimwomba.

Mbabazi alikuna kichwa. "Wiki tatu. Mutafute namna ya kupoza. Baada ya hapo, mimi napita njia ingine."

Mchana, maji yalipokwisha kuvuja, wanachama wote walikutana kando ya hodhi. Ndayambaje, makamu mwenyekiti wa kikundi, aliinama akakwaruza sakafu ya hodhi kwa kidole. Mchanga ukabaki kiganjani.

"Munaona?" alisema. "Tulinunua simenti ya kutosha. Sasa baseni inakuwa mchanga. Simenti ilienda wapi?"

Hakutaja jina la mtu. Hakukuwa na haja. Wote walimgeukia Nicodème.

"Niliitia yote," alisema Nicodème.

"Simenti haina miguu, ndugu yangu," Ndayambaje akajibu.

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa mama wa makamo aitwaye Nyiransengimana. Watu walimwita Mama Prezidanti. Hakuwa mtu wa kelele, na neno lake halikurudiwa mara mbili.

"Tutatafuta fundi mwingine," alisema. "Nicodème apumzike kwanza."

Apumzike! Kumwambia fundi apumzike mbele ya watu ni kumwambia kila mtu kwamba ni mwizi. Jioni ile ile, watu wawili waliokuwa wamemwita Nicodème kuwajengea walituma ujumbe kwamba wameghairi. Nicodème aliosha mwiko wake, akaufunga kwa gazeti, akausukuma chini ya kitanda. Jocelyne aliuona ukienda chini ya kitanda, na iliuma kuliko maneno ya Ndayambaje.

Lakini Jocelyne alikuwa na tabia moja. Hakuweza kuona kitu bila kuuliza kwa nini. Mume wake alizoea kumtania kwamba angefaa kuwa polisi.

Siku iliyofuata alirudi kwenye hodhi peke yake, akiwa na msumari. Alikwaruza sakafu. Ilichimbika kirahisi. Alipanda polepole na ukuta. Ulichimbika pia, mpaka alipofika kwenye alama ya kijani ambapo maji huishia. Juu ya alama hiyo, msumari ulilia tu juu ya saruji. Haukuchimba kitu.

Alisimama pale akiutazama msumari. Kisha akaenda kanisani. Ngazi ya mlangoni ilijengwa na Nicodème mwezi ule ule, kwa saruji ya aina ile ile. Akakwaruza. Ngumu. Mzee wa kanisa aliyekuwa akifagia alimwangalia kwa mashaka.

Alimkuta mumewe amekaa nje ya nyumba.

"Baba Isimbi, nikuulize kitu."

"Uniache, Mama Isimbi. Nimechoka na maulizo."

"Moja tu. Plasta ya chini na plasta ya juu, ulizichanganya siku moja?"

"Siku moja. Mfuko moja, mchanga moja. Nilipaka toka asubuhi mpaka saa kumi."

"Basi ni mwizi gani anaiba simenti ya chini na anaacha ya juu?"

Nicodème aliinua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mkutano ule.

*

Jocelyne alimega vipande kutoka kwenye hodhi. Cha sakafuni alikiweka katika mfuko mmoja, vya ukingoni katika mfuko mwingine. Alimsimulia Mbabazi jambo lote na kumwomba lifti hadi Mbarara.

"Mimi najua mutu," alisema Mbabazi njiani. "Iko binti ya Hajji Umaru, pale Ruti. Yeye nasoma mawe vile wewe nasoma Biblia."

Hajji Umaru alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi huko Ruti, pembeni mwa Mbarara, kando ya barabara ya Kabale. Binti yake, Zaharah, alikuwa injinia. Nyuma ya duka alikuwa na uwanja wa kutengeneza matofali ya kupanga chini, na mashine ndogo ya kuyapima nguvu. Mama yake alitoka Bukoba, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha baba yake.

"Karibu sana, nyabo, mama yangu," alisema Hajji. "Wewe nataka simenti ngapi?"

"Sitaki simenti, Hajji. Ninaleta simenti."

Hajji alimtazama, akamtazama na Mbabazi, kisha akamwita binti yake.

Zaharah alivigeuza vipande, akavikwaruza. Halafu akafanya jambo ambalo Jocelyne hakulitarajia. Alikinusa kile cha sakafuni.

"Ndani ya hodhi hili mnaweka nini, dada?"

"Mayi. Na keni za maziwa."

"Maji na keni, basi?"

"Na mayi tunasafishia keni. Kwetu, maziwa haimwangwe chini, fasi bantu banakanyaga. Ni kuikosea heshima. Kwa hiyo mayi ya kusafisha keni tunaimwanga mu baseni. Hata maziwa ile gari inakataa. Jioni ndama zinakunywa."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mama Prezidanti mwenyewe ndiye anamwanga."

Zaharah alicheka kwa upole. "Basi umemleta mwizi mwenyewe. Ni maziwa."

"Maziwa inaiba simenti?"

"Yanaila. Maziwa yakichacha hutoa asidi. Ni ule ukali unaousikia ulimini ukinywa mtindi. Saruji ikishika na kuwa ngumu, ndani yake hubaki chokaa. Asidi na chokaa havipatani. Asidi huila chokaa, kisha huendelea na gundi inayoshika mchanga. Gundi ikiisha, mchanga unabaki peke yake."

"Njo maana juu haikuguswa," alisema Jocelyne polepole. "Mayi haifikie pale."

"Umeona mwenyewe. Mimi nimenusa tu."

Jocelyne alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mume wake hakuiba. Lakini swali jingine lilikuwa limekwisha kumjia.

"Simenti ni ngumu kama jiwe. Asidi inaingilia wapi?"

Zaharah alivuta ndoo karibu. Akaijaza kokoto mpaka juu.

"Imejaa?"

"Imejaa."

Zaharah akamimina mchanga. Ukapotea katikati ya kokoto. "Sasa?"

"Sasa imejaa."

Akamimina saruji kavu, akaitikisa ndoo. Saruji nayo ikazama. Safari hii Jocelyne aliinama kuchungulia kwanza, maana alikuwa amekwisha kukosea mara mbili. Mwisho Zaharah akamimina kikombe cha maji. Maji yakaingia yote.

"Maji yamepita wapi?" aliuliza Zaharah.

"Iko fasi bado. Fasi ndogo sana."

"Ndiyo. Hata saruji nzuri ina vitundu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Asidi hupitia humo. Tukitaka kuvijaza, tunahitaji chembe ndogo kuliko saruji yenyewe."

Aliingia stoo akavaa barakoa, akatoka na mfuko mdogo wa unga mweupe, mwepesi mno.

"Huu unaitwa silika ya nano. Silika ni kitu kile kile kilicho katika mchanga mweupe. Nano ni neno la wataalamu la kutaja udogo. Chukua unywele wako mmoja. Upange chembe hizi mstari kwa upana wa unywele huo. Zitaenea elfu kadhaa."

Jocelyne aling'oa unywele mmoja chini ya kitambaa chake cha kichwa, akautazama kwenye jua kwa muda mrefu. Hajji alipita akamuuliza kama amepoteza kitu.

"Zinafanya kazi mbili," Zaharah aliendelea. "Kwanza, zinakaa katika vitundu na kuvipunguza. Pili, zinaishika ile chokaa na kuigeuza kuwa gundi nyingine. Asidi ikija, njia ni nyembamba na chakula ni kichache."

"Basi nipatie mingi."

"Hapana. Kwa mfuko mmoja wa saruji, kilo moja inatosha. Ukizidisha, unga huu unakunywa maji yote, na plasta inapasuka. Na usijidanganye, dada. Haya si maajabu. Mkiendelea kumwaga maziwa ndani, litaliwa tu, ila polepole."

Hilo la mwisho ndilo alilolifikiria Jocelyne njia nzima ya kurudi. Kumtetea mume ni jambo moja. Kumwambia Mama Prezidanti kwamba mkono wake ndio ulioharibu hodhi ni jambo jingine.

*

Zaharah alikuwa amempa jaribio la kufanya. Jocelyne alichukua vipande viwili vya ukingoni, vile vigumu. Kimoja alikitia katika kopo la maji, kingine katika kopo la maziwa yaliyochacha. Aliyapanga dirishani. Kila siku alibadilisha maji, akabadilisha na maziwa. Nicodème alikuwa akipita pale mara kumi kwa siku, akijifanya anatafuta kitu kingine.

Wakati huo kikundi kilifunika keni kwa magunia mabichi, na maziwa yakaokoka kwa shida.

Siku ya kumi Jocelyne alibeba makopo mawili na msumari mpaka kwa Mama Prezidanti.

"Shikamoo, mama. Nimekuletea kitu. Tafazali, kwaruza hivi."

Mama Prezidanti alikwaruza kipande cha kwanza. Msumari ulilia. Alikwaruza cha pili. Kikatoa unga wa kijivu, ukafuatwa na chembe za mchanga. Akainusa ncha ya msumari.

"Hii ilikuwa mu maziwa," alisema.

"Ndiyo, mama. Na zote mbili nilizimega ku ukingo wa baseni, fasi moja."

Mama Prezidanti aliugeuza msumari mkononi. Jocelyne alisikia kuku wakiparua uani. Alitamani kukimbia.

"Kwa hiyo ni miye," alisema mama hatimaye. "Ni huu mukono."

"Hakuna mutu alijua, mama."

"Sikujua, ndiyo. Lakini nilisema mutoto wa bantu apumzike, na kama aliiba, hilo pia sikulijua." Alifuta msumari kwa kitenge, akaurudisha. "Lakini unisikie, Jocelyne. Maziwa sitamwanga chini. Hilo usiniombe."

"Siombe hilo. Tununue beseni ya plastike. Keni tusafishie mule, na maziwa ya kukataliwa tuitie mule. Jioni ndama zikunywe mule mule. Asidi haikule plastike."

Mama Prezidanti alifikiri. "Hiyo haikosee mutu," alisema.

*

Zilibaki siku tisa kabla ya wiki tatu za Mbabazi kwisha, ndipo Zaharah akaitwa, akaja Nakivale na mfuko wa unga. Kikundi kizima kilikuja kutazama. Kwa neno la Mama Prezidanti, mwiko wa Nicodème ulikuwa umetoka chini ya kitanda. Kwanza alibomoa plasta yote iliyolika, mpaka akafika kwenye ukuta mgumu. Akausugua kwa brashi, akauosha.

Kazi ya kuchanganya ikaanza vibaya. Zaharah alivaa barakoa, akawapa na wengine, kwa sababu unga huo haufai kuvutwa puani. Unga huchanganywa na maji kwanza, kabla ya kukutana na saruji. Mjini Zaharah ana mashine ya umeme ya kukorogea. Hapa alikuwa na kijiti na ndoo. Alikoroga mpaka jasho likamtoka. Unga ulishikana mabonge madogo, kama uji uliopikwa na mtu mvivu.

"Mabonge haya hayafai," alisema. "Bonge moja ni sawa na jiwe la kawaida. Nguvu ya nano ni katika kutawanyika."

Mama Prezidanti alisogea karibu, akachungulia ndani ya ndoo.

"Munakoroga kama bugali," alisema. "Hii kitu haipende kukorogwa. Inapenda kutikiswa."

Watu wa kwao hupata siagi kwa kutikisa maziwa ndani ya kibuyu kikubwa, mbele na nyuma, kwa saa nzima. Mama Prezidanti alifanya kazi hiyo tangu utotoni. Kibuyu chake hakukitoa, maana kibuyu ni cha maziwa tu. Aliagiza mtungi wa plastiki wenye kifuniko. Wakatia maji na unga, na Zaharah akaongeza kijiko cha dawa ya kulainisha mchanganyiko. Mama akaketi, akaulaza mtungi mapajani, akaanza.

Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Hakuharakisha wala hakupunguza. Mara kwa mara alitega sikio. Zaharah alimtazama mama, kisha saa yake, kisha mama tena.

"Bado," alisema mama. Baadaye tena, "Bado." Mwisho akasimamisha mtungi. "Sasa. Sauti imebadilika. Hakuna kinachogonga tena."

Zaharah alimimina kidogo juu ya kipande cha kioo. Yalitoka maji meupe, laini, yasiyo na bonge.

"Mashine yangu ingeyatawanya zaidi," alisema. "Lakini kwa plasta hii, yanatosha kabisa. Mama, uje tukupe kazi Ruti."

"Nina ng'ombe," alijibu Mama Prezidanti.

Nicodème aliyamimina maji yale kwenye saruji na mchanga. Mchanganyiko ulionekana mkavu. Mkono wake ukaenda kwenye ndoo ya maji, kama mafundi wengi wanavyofanya.

"Hapana, fundi," alisema Zaharah. "Maji ya ziada yatakauka yaache vitundu, na sisi tumefanya yote haya kuvipunguza. Ukoroge zaidi tu."

Nicodème akakoroga. Mchanganyiko ukalainika. Aliupaka kwa mwiko, kipande kwa kipande, akausugua mpaka ukang'aa. Jocelyne hakumbuki kama aliwahi kumwona akifanya kazi polepole vile. Alipomaliza, walilifunika hodhi kwa magunia, wakayamwagia maji asubuhi, mchana na jioni kwa siku saba. Saruji haipati nguvu kwa kukaushwa na jua. Inaipata ikiwa na unyevu.

Siku ya nane walilijaza maji. Jocelyne alichora mstari wa makaa pale maji yalipoishia. Asubuhi iliyofuata alikuwa wa kwanza kufika. Maji yalikuwa kwenye mstari.

Hadi leo, miezi minane baadaye, msumari wake hauchimbi kitu pale, na gari la Mbarara halijakataa keni hata moja. Nicodème ana kazi mpaka zimemzidi. Hata ngazi ya nyumba ya Ndayambaje ni yeye aliyeijenga, na Ndayambaje mwenyewe ndiye aliyemfuata kumwomba.

Lakini watu wa kikundi hupenda zaidi kuisimulia asubuhi ile ya kwanza. Mbabazi alichanganya maziwa na spiriti, akatikisa kikombe, akakiinua juu. Maziwa yalikuwa laini.

"Hii iko hai," alisema, akaanza kupakia keni.

Gari lilipoondoka, Mama Prezidanti aliwazuia watu wasitawanyike. Alitoa kibuyu chake kidogo na kikombe cha mti. Kwao, anayepewa maziwa ya kwanza ndiye anayeheshimiwa. Alikijaza kikombe, akapita mbele ya Ndayambaje, akapita mbele ya mchungaji, akasimama mbele ya Nicodème.

"Hapa nilisema upumzike," alisema. "Na hapa hapa ninasema mbele ya bote, hukuiba hata kijiko. Ni miye nilikosa. Unisamehe, mutoto wangu."

Nicodème alipokea kikombe kwa mikono miwili. Alikunywa taratibu. Macho yake yalikuwa mekundu, na Jocelyne hakuona aibu kulia wazi wazi.

Kikombe kilibaki na tone chini. Nicodème aliligeuza huku na huku. Alitazama ardhi, akatazama hodhi jipya, hakujua alipeleke wapi. Mama Prezidanti akakichukua kikombe mkononi mwake, akalinywa yeye.